Mbona kwa mwenye VVU fangasi wa mdomoni anawahi hivyo na kwenye damu haonekani?

Kila mtu anajua VVU vinashusha CD4, zile seli za kinga zinazotoa amri kwa wenzake, halafu fangasi wanaingia. Sawa, ila kinga haidondoki yote kwa mpigo, na mi nikitaka kumwelewesha mtu hilo huwa naanza na kandida, ndo huyo fangasi wa mdomoni.

Kandida wengi wetu tunaye, mdomoni, tumboni, katulia tu. Anayemdhibiti mdomoni ni kundi moja la CD4 linaitwa Th17, linatoa kemikali za IL-17 na IL-22 ambazo zinafanya utando wa ndani ya mdomo umwage protini za kuua fangasi na pia zinaita seli nyeupe zije kusaidia. Sasa VVU vinazishambulia sana hizo Th17, utumbo mzima zinapukutika mapema. Ndo unaona ulimi una utando mweupe, ukiukwangua unatoka unaacha wekundu, ukishuka kooni hata kumeza mate ni shida. Lakini mgonjwa huyohuyo mpime damu, kandida kumkuta humo ni nadra, kwa sababu askari wa huko ni neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, na nyingi bado zipo. Mgonjwa wa saratani ambaye dawa zimemmalizia neutrofili, huyo ndo kandida anamwingia kwenye damu.

Kriptokokasi, fangasi mwingine, ni habari nyingine kabisa. Huyu unamvuta na hewa, akifika kwenye mapafu anamezwa na makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, ila kummeza sio kumuua, makrofeji inasubiri amri ya kemikali ya interferoni gama toka kwa CD4. CD4 zikiwa chini ya 100 kwa kila milimita ya ujazo ya damu, amri haifiki, jamaa anazaliana humohumo ndani, ana ganda la sukari linalomficha, mwisho anapanda kwenye ubongo. Kichwa kinauma wiki mbili, homa inakuja inaondoka, na shingo sio lazima ikaze, hapo ndo watu wanachelewa wakimeza dawa za maumivu tu.

Cha ajabu antijeni yake, yaani vipande vya huyo fangasi ambavyo kipimo kinavinasa, inaonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza, ndo maana mwenye CD4 chini ya 200 nasisitiza apimwe hata kama anajisikia mzima. Na akishakutwa nayo kwenye maji ya uti wa mgongo na hajaanza ARV, msimkimbize: dawa za fangasi kwanza, ARV baada ya wiki 4 hadi 6, manake CD4 zikirudi ghafla zikakuta fangasi kibao kichwani, hata waliokufa, zinawasha moto na ubongo unavimba.