Kadeti si kuruta, na ligi hii si ya mpira

Dada yangu aliyeko Kanada alituma picha kwenye kundi la familia: mwanawe wa miaka 9, sare ya buluu, kofia imemzidi kichwa mpaka inaegemea masikio. Chini yake akaandika tu kwamba mtoto kaingia makadeti wa Navy League. Hazikupita dakika tano. Baba Mdogo kutoka Tanga: “Kumbe huko wanaandikisha jeshini hata watoto?” Binamu yangu mmoja, ambaye macho yake yaliishia kwenye neno la pili: “Hongera sana. Ligi daraja la ngapi, na anacheza namba ngapi?”

Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na si kwa ndugu zangu tu. Basi tuyamalize.

Makadeti wa Navy League, yaani “Ligi ya Wanamaji”, ni watoto wa miaka 9 hadi 12 nchini Kanada wanaokutana msimu wa shule, kwa kawaida jioni moja kila wiki, kufundishwa kwata, mafundo ya kamba, mambo ya ubaharia na huduma ya kwanza. Wakubwa wanaowafundisha wanajitolea, hawalipwi. Marekani nako wapo wenzao, wa miaka 10 hadi 13. Maana ni hiyo, haina makuu.

Kazi iko kwenye maneno. Ukitaja kadeti pale Kariakoo, utaulizwa kiuno namba ngapi, kwa sababu kwa muuzaji kadeti ni suruali. Ukilitaja karibu na chuo cha kijeshi cha Monduli, watu watafikiria ofisa mwanafunzi, yule anayesubiri kutunukiwa kamisheni. Wakenya watamfikiria wa chuo chao cha kijeshi cha Lanet. Wote hao hawajakosea. Anayenikera ni yule anayelichukua kadeti na kuliweka mahali pa kuruta. Kuruta ni mtu aliyekwisha kuandikishwa jeshini, anafundwa awe askari. Kadeti wa jeshi anafundwa awe ofisa. Kadeti mtoto hayumo katika safu yoyote kati ya hizo mbili. Kaazimwa jina na sare, saa mbili usiku anarudi nyumbani kulala.

Na jina lenyewe lilianza kwa kusikiwa vibaya. Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa, watu walisema capdet wakimaanisha mkuu, neno lililotokana na Kilatini, “kichwa kidogo”. Mabwana wa huko waliwaachia mali wazaliwa wa kwanza. Wadogo zao wakatafuta riziki katika jeshi la mfalme, wakawa makapteni. Wafaransa wengine, kwa kuwa kila capdet waliyemwona alikuwa mdogo wa mtu, wakadhani neno lina maana ya mdogo. Likabaki hivyo: cadet, mtoto wa nyuma, kisha kijana anayejifunza uofisa. Kuruta nalo, kupitia Kiingereza, lina mzizi wa Kifaransa wenye maana ya kilichoota tena. Kwa hiyo kwa asili kuruta ndiye chipukizi na kadeti ndiye kichwa! Lakini nisiwape Baba Mdogo na wenzake silaha.

Sasa ligi. Hili nalo ni la Kilatini, kutoka kitenzi cha kufunga, kama unavyofunga kamba. Ligi ni watu waliofungamana kwa jambo moja. Hata ile ya mpira ya Waingereza ya 1888 ilikuwa kwanza umoja wa klabu 12. Msimamo na pointi vilifuata. Navy League ya Kanada, iliyoanzia Toronto mwaka 1895, ni umoja wa raia wanaopenda mambo ya bahari na wanamaji. Narudia: raia. Kuwa na neno “wanamaji” katika jina hakuwafanyi kuwa Jeshi la Wanamaji, kama vile chama cha wapenzi wa reli kisivyoendesha treni.

Hapo ndipo watu wanapochanganya madaraja mawili. Mtoto akifika miaka 12 anaweza kuhamia kwa makadeti wa bahari, wanaoendelea mpaka 18. Huko wizara ya ulinzi inashirikiana na Navy League, inatoa fedha, na maofisa wanaowasimamia ni wanajeshi wa akiba. Hata hivyo sheria ya ulinzi ya Kanada inasema wazi kwamba vikundi vya makadeti si sehemu ya majeshi. Wadogo wa miaka 9 hadi 12 wako mbali zaidi: fedha ya wizara hawaioni, wanategemea michango, wazazi na watu wa kujitolea.

Lugha yao ndiyo inayowapoteza watu, nakubali. Wanakutana kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, lakini sakafu wanaiita sitaha, na choo, kwa Kiingereza cha mabaharia, ni “kichwa”. Msimcheke mpwa wangu kwa hilo. Kwenye merikebu za tanga choo kilikuwa omo, yaani kichwani mwa chombo, kwa kuwa upepo ulitoka nyuma ukapeleka harufu mbele. Jahazi zetu zilikiweka tezi, yaani nyuma, kisanduku kikining’inia nje juu ya maji. Juzi kwenye simu mtoto alinionyesha kitanzi kisichokaza, amekifunga kwenye mguu wa kiti. Mara ya tatu kikashika, akavuta mpaka kiti kikaanguka.

Kwa hiyo, Baba Mdogo, mjukuu wako hajaandikishwa popote. Na wewe binamu, hachezi namba yoyote. Jina likiwa refu, semeni tu “kadeti mdogo wa wanamaji”. Mkisema “skauti wa baharini” sitagombana na mtu, ingawa skauti wa baharini wapo kweli, na ni watu wengine.