Shata ya kimya: inachotupa na inachotunyima wapiga picha wa harusi

Ukiniuliza ni kitu gani kwenye kamera za kidijiti kimebadilisha zaidi kazi yangu ya harusi, sitataja megapikseli. Nitataja ukimya wa shata, yaani sehemu ya kamera inayoamua mwanga uingie kwa muda gani.

Kamera ya kioo ina kelele zake: kioo kinanyanyuka, pazia la shata linafunguka na kufunga, kioo kinarudi chini. Kwenye kanisa lenye dari refu mlio huo unafika mpaka madhabahuni, na padri ana haki kabisa ya kukuambia ubaki nyuma na usiguse kamera wakati wa mageuzo. Shata ya kielektroniki, ndiyo hiyo ya kimya, haina kitu kinachosogea. Kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kinasomwa tu, basi. Leo naweza kukaa karibu na shehe ndoa ikifungwa, nikaupata uso wa baba anapotamka maneno ya kumwozesha binti yake, na hakuna anayegeuka kunitazama. Ndiyo maana naomba ruhusa mapema, kwa wenyewe na kwa kiongozi wa dini. Asiyesikia mlio hajui kama anapigwa, na hilo ni deni letu kwake.

Kwenye picha za mapozi mambo ni kinyume. Bi harusi akisikia mlio anajua moja imeshapatikana, anageuza shingo, anashusha bega. Ukimnyima mlio anabaki ameganda na tabasamu lake linachoka. Hapo narudi kwenye shata ya pazia, au nawasha sauti ya bandia iliyomo kwenye kamera.

Tatizo kubwa liko ukumbini. Kihisi cha kawaida hakisomwi chote kwa mpigo mmoja. Husomwa mstari kwa mstari, na kwenye kamera nyingi za bei ya kati kazi hiyo huchukua kati ya 1/20 na 1/60 ya sekunde. Sasa kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko hufifisha taa mara mbili, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kihisi kinaona. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imewaka vizuri inatoka na mwanga, iliyosomwa ikififia inatoka na giza, na gauni jeupe linavaa mikanda ya kijivu ya mlalo kuanzia kifuani hadi kwenye mkia. Kuisafisha mikanda hiyo usoni mwa mtu kwenye kompyuta ni mateso.

Dawa ya kwanza ni kuweka kasi ya shata ya 1/100 au 1/50 ya sekunde, ili kila mstari ukusanye mzunguko mzima wa kumeta. Kwa maharusi waliokaa jukwaani inatosha. Kwa mama zao wanaoingia wakicheza na zawadi, 1/100 inaacha mikono ikiwa ukungu. Tena taa za rangi na skrini kubwa za jukwaani humeta kwa kasi zake zenyewe, hivyo hesabu ya 100 haifui dafu. Muziki ukianza, mimi natumia pazia na flashi; kamera nyingi hata haziruhusu flashi kwenye shata ya kimya.

Watengenezaji wanalijua hili. Sony A9 ya 2017 ilisoma kihisi kwa kasi kubwa kiasi cha kupunguza sana shida hii, na Nikon Z9 ya 2021 ikaondoa pazia kabisa. Sony A9 III iliyotangazwa 2023 inasoma pikseli zote kwa wakati mmoja: mikanda inakwisha, ingawa picha moja inaweza kutoka angavu na inayofuata hafifu. ISO yake ya kawaida, yaani kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga, inaanzia 250, na ilitoka kwa takriban dola 6,000. Kwa soko letu la harusi sioni sababu ya kukopa fedha hizo wakati pazia bado linafanya kazi.

Fika ukumbini kabla ya wageni na mwambie fundi taa awashe zote kama zitakavyokuwa usiku. Weka shata ya kimya, kasi 1/1000, piga kitambaa cheupe cha jukwaani, kisha kuza picha kwenye skrini. Ukiona mikanda, badilisha shata hapohapo, na mwambie msaidizi wako naye abadilishe.