Kabla hujafuta imeili za zamani, soma hii

Juzi asubuhi dada mmoja mwenye ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, huku mjini Mombasa kanipigia simu, sauti imemkauka. "Kaka, imeili zetu za miaka mitatu hazipo." Kumbe waliandikiwa kuwa nafasi kwa seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza imeili zao, imejaa, kijana wa ofisi akaingia kwa Thunderbird, programu yao ya imeili, akafuta zote za zamani, akiamini kwa simu na kwa ile kompyuta ya pili zimebaki. Hazikubaki. Akaunti yao ni ya IMAP, njia ya kusoma imeili zikiwa kwa seva, na IMAP kazi yake ni kufananisha, ukifuta hapa seva inafuta na simu inafuta, manake ni imeili zile zile unaziona mahali patatu. Hiyo si bakapu, na watu wengi sana hawajui.

Nikamuuliza, kuna mashini yoyote haijawashwa tangu jana? Akasema iko moja nyumbani Bamburi. Nikamwambia usiiguse, nakuja. Nilizima rauta kwanza ndio nikaiwasha, nikakopi folda nzima ya profaili, pale Thunderbird inapoweka vitu vyake vyote, bila hata kuifungua, na ndani ya folda ya ImapMail imeili zote zilikuwa zimekaa. Ingeshika intaneti dakika moja tu Thunderbird ikiwa wazi, nayo ingeanza kufuta.

Sasa njia yenyewe. Kwa Thunderbird kuna sehemu inaitwa Local Folders, hiyo iko kwa kompyuta yako peke yake, seva haiifikii. Tengeneza folda za miaka hapo, 2021, 2022, halafu kopi imeili, usihamishe, ngoja zimalize, hesabu idadi huku na huku, zikilingana ndio ufute kwa seva. Kisha funga programu kabisa ukopi profaili yote kwa diski ya nje. Mle ndani utaona mafaili mengine yanaishia .msf, hayo ni faharasa tu, Thunderbird inajitengenezea upya. Mzigo uko kwa yale yasiyo na mwisho wowote, yanaitwa mbox, ni maandishi ya kawaida na ndio maana nayapenda, hata programu ikifa kesho bado yatasomeka.

Wa Outlook, ile programu ya imeili ya Microsoft, nyinyi faili lenu la kuhifadhia imeili ni PST. OST msiitegemee, hiyo ni nakala ya seva na imefungwa na akaunti yake. Fungeni Outlook kabla ya kukopi PST, na msiifungulie kwenye folda ya netiweki ya ofisi, inaharibika. Wenye Outlook za kabla ya 2003 faili likikaribia GB 2 ni hatari, zile za 2010 kuja juu zinaenda mpaka GB 50 lakini mimi huwa nakata kila mwaka PST yake, likiharibika moja hujapoteza yote.

Fleshi nyingi zinakuja na FAT32, mpangilio wa kuweka mafaili, hiyo haipokei faili linalofika GB 4 hata kama nafasi iko tele, watu wanadhani fleshi ni mbovu. Ifomati kwa mpangilio mwingine, exFAT, ila toa vitu vyako kwanza manake fomati inafuta kila kitu.

Na hii hewa yetu ya chumvi inakula vyuma, diski usiiache dirishani. Weka mbili, moja ofisini na moja nyumbani, ikiwa unakaa Likoni ndio bora zaidi, iwe ng'ambo ya feri. Invoisi na bili za meli ziko ndani ya hizo imeili, na sheria ya kodi inataka rekodi zikae miaka 5.

Yule dada tulichomeka diski yake kwa laptopu ingine kabisa, tukafungua imeili moja ya 2022 yenye PDF, ikafunguka mpaka ukurasa wa mwisho. Hapo ndio nikamruhusu kuwasha rauta.