Nchi nne hazikutani Kazungula, na msinitumie tena hilo swali

Limerudi tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Ngamiani: "Ni wapi duniani nchi nne zinakutana kwenye nukta moja?" Jibu likabandikwa palepale, Kazungula, kivukoni kwenye mto Zambezi kusini mwa Afrika, na chini yake mtu kanitaja: "Mzee wa vipimo, thibitisha."

Sithibitishi. Pale Chobe inapoingia Zambezi, Zambia na Botswana zina mpaka wao wenyewe mtoni, mfupi, kama mita 150 hivi. Mpaka una urefu, na ukishakuwa na urefu una ncha mbili: ncha moja iko Namibia, ya pili iko Zimbabwe. Nchi tatu huku, nchi tatu kule. Yamekwisha.

Na msidhani mita 150 ni kitu cha kupuuzwa. Mwaka 1970 Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala Namibia, iliiambia Botswana kwamba haina mpaka na Zambia hata kidogo, kwa hiyo kivuko cha Kazungula hakina uhalali. Botswana ikakataa, kivuko kikaendelea kuvusha watu hadi 1979, majeshi ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, yalipokizamisha. Leo kuna daraja la mita 923, lilifunguliwa Mei 2021, na ukiliangalia kutoka juu utaona limepinda. Limepindishwa ili lisiguse upande wa Zimbabwe.

Kazungula lakini naisamehe. Kinachonipandisha presha ni imani iliyojificha nyuma ya swali lenyewe: kwamba mipaka inapokutana pana nukta, imekaa tu pale tangu azali, na mpima kazi yake ni kwenda na chombo akaisome. Kuna kijana aliwahi kuniambia angeipata kwa simu yake. Haya, nenda.

Mpaka ni mapatano ya wawili. Makutano yanataka watatu, na hao watatu aghalabu hawajawahi kukaa meza moja. Mstari huu ulichorwa mwaka fulani na watu fulani, ule ukaja miaka thelathini baadaye na watu wengine, kila mmoja na karatasi yake, halafu sisi tunatazamia ncha zao zigusane. Yeyote aliyepima mashamba ya minazi huku kwetu analijua hili: kona ya mashamba matatu, wenyewe wawili wakipatana wakachimbia bikoni, jiwe la mpaka, wa tatu akirudi kutoka safari anaing'oa, na ana haki. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliwahi kulipitia jambo hili mwaka 1986, kesi ya Burkina Faso na Mali. Mpaka wao unaishia kwa Niger, na Niger haikuwemo kwenye kesi. Mahakama ikasema mpaka wa hawa wawili unafika wapi, ila haikumwekea Niger nukta ya kumfunga. Hata majaji walijua wasipokuwepo watatu hakuna jiwe.

Tanzania ina majirani wanane, kwa hiyo makutano saba. Yale ya Kagera na Songwe nayaruka, ingawa mito nayo ina vituko vyake. Twende Ziwa Victoria, kwa Kenya na Uganda.

Karatasi ya Waingereza ya 1926, ambayo maneno yake yamo hadi leo kwenye katiba ya Uganda, inasema mpaka wa Kenya na Uganda unaanzia ziwani, kwenye mstari wa latitudo wa nyuzi 1 kusini ya ikweta, kusini moja kwa moja ya ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa cha Pyramid. Inasomeka vizuri, si ndiyo? Sasa niambieni ncha hiyo ni ipi. Maji yakiwa chini, ni mwamba uliochomoza. Maji yakipanda, mwamba umezama na ncha imesogea mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, mwaka 2020 likafurika tena. Ukisoma ile sentensi neno kwa neno, kila ziwa linapopumua, makutano ya nchi tatu yanatembea.

Na hizo nyuzi 1 kusini ni za nani? Namba za mahali huhesabiwa kwa mfumo wa vipimo, na mifumo ni mingi: ramani zetu za zamani ziko kwenye Arc 1960, simu yako iko kwenye WGS 84. Namba ni ileile, lakini juu ya uso wa dunia mistari hiyo miwili imeachana kama mita 300. Waliotia saini mstari huo wakati Wajerumani wakitawala huku kwetu hawakuwa na yoyote kati ya hizo; walikuwa na nyota na teodolaiti, chombo cha kupimia pembe. Nchi kavu shida hii haitusumbui sana, kwa sababu jiwe lililosimikwa na kukubaliwa linashinda namba hata kama lilisimikwa kombo. Majini hakuna jiwe. Vitabu vyetu vya upimaji hapa vinapita kimyakimya, na mimi sina jibu ambalo ningelitilia saini.

Mkitaka kuona namna karatasi inavyonyooshwa uwanjani, si lazima mwende mbali. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890 unasema mpaka wetu pwani unaanzia ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Umba. Nendeni mkautazame huo mdomo: uko Vanga, Kenya. Mstari wa leo unaanzia Ras Jimbo, kusini kidogo, kwa kuwa makamishna wa mipaka waliofuata waliona inafaa kuuanzishia pale. Na mkataba huohuo ndio uliowapa Wajerumani ule ulimi wa Caprivi, kipande chembamba cha Namibia kinachofika Kazungula. Wino mmoja, huku Horohoro mpakani na Kenya, kule Zambezi.

Wino huohuo uko Ziwa Nyasa. Unasema mpaka unafuata ufukwe, na Malawi imeushika hapo. Tanzania inasema katikati ya ziwa. Msumbiji na Malawi wao wana mstari wa kati, uliowekwa na Wareno na Waingereza mwaka 1954. Kwa hiyo makutano ya Tanzania, Malawi na Msumbiji yako ama ufukweni ama katikati ya ziwa, kutegemea umeshika ramani ya nani, na kati ya nukta hizo mbili ni kilometa nyingi za maji. Nipeni chombo kizuri kuliko vyote na boti yenye mafuta nikaweke boya pale. Nitauliza kwanza nimetumwa na serikali ngapi. Zikiwa pungufu ya tatu, nabaki Tanga.