Kusoma Uswisi: ada siyo mlima wenyewe

Wengi wakisikia Uswisi hudhani vyuo vyake ni vya watoto wa matajiri tu. Picha hiyo inatokana na shule binafsi za bweni na vyuo vya hoteli, ambavyo kweli ni ghali mno. Vyuo vikuu vya umma ni habari nyingine. Chuo Kikuu cha Geneva kwa miaka mingi kimetoza faranga 500 za Uswisi kwa muhula, mgeni na mwenyeji sawa. Hata ETH Zurich, chuo kikuu cha umma cha sayansi na teknolojia kilichowapandishia wageni wapya ada hadi mara tatu ya ile ya awali mwaka 2025, kinawatoza faranga 2,190 kwa muhula.

Kinachowakwamisha vijana wetu ni gharama za maisha. Jimbo la Zurich hutaka uthibitisho wa takriban faranga 21,000 za kujikimu kwa mwaka kabla ya kutoa kibali cha kuishi, na bima ya afya ni lazima. Usitegemee kibarua: mwanafunzi kutoka Afrika haruhusiwi kufanya kazi miezi sita ya mwanzo, kisha huruhusiwa saa 15 tu kwa wiki wakati wa masomo. Na shahada ya kwanza hufundishwa zaidi kwa Kijerumani au Kifaransa, kwa hiyo anza lugha mapema, au lenga shahada ya uzamili, ambako Kiingereza kimeenea.