Je, wajua? Kwa nini Amedeo ni jina adimu Italia wakati wafalme wamelibeba, na lilifikaje mpaka Nyeri

Kama ulisoma kemia sekondari basi Avogadro unamjua, ile namba yake ya 6.02 mara 10 kipeo cha 23 ambayo walimu wanakukomalia nayo mpaka uikariri. Ila muulize mtu jina lake la kwanza uone kama anajua. Aliitwa Amedeo. Kwa ukamilifu alikuwa Lorenzo Romano Amedeo Carlo, mzaliwa wa Turin kaskazini mwa Italia mwaka 1776, na kati ya majina yote hayo manne hili la tatu ndo lililomganda mpaka kwenye vitabu.

Sasa angalia, jina hili limebebwa na mwanasayansi mkubwa, limebebwa na mchoraji ambaye picha yake moja iliuzwa New York mwaka 2015 kwa dola milioni 170, limebebwa na mfalme wa Hispania, limebebwa na watawala kibao kwa karibu miaka elfu, halafu leo ukiingia darasa la watoto Italia unaweza ukazunguka shule nzima usimpate Amedeo hata mmoja. Takwimu za majina za serikali yao zinaonyesha Leonardo ndo amekuwa akiongoza kwa watoto wa kiume tangu 2018, nyuma yake wanapokezana kina Francesco, Tommaso, Edoardo na Alessandro. Amedeo kule juu hayupo. Kwa nini jina maarufu hivi liwe adimu hivi?

Tuanze na asili. Ni jina la Kilatini, Amadeus, limeunganishwa kutoka kwenye kupenda na Mungu, yani mtu anayempenda Mungu. Kuna ndugu yake wa Kigiriki ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua vizuri, Theofilo, yule mtukufu ambaye Luka alimwandikia Injili yake na Matendo ya Mitume, na huku kwetu wapo kina Teofili wengi tu hasa kwa Wakatoliki. Mozart yule mwanamuziki wa Salzburg alibatizwa mwaka 1756 kwa hilo la Kigiriki, Theophilus. Alipokwenda Italia akiwa kijana mdogo akaanza kujiita Amadeo, na baadae akapenda kusaini Amadè, kwa hiyo lile Amadeus tunalolisikia leo kila mahali limeenezwa zaidi na watu wengine kuliko yeye mwenyewe.

Jina lenye maana nzuri hivi ungetegemea lisambae kila kijiji. Halikusambaa, na mimi naamini sababu kubwa ni kwamba ukoo mmoja ulilishika mapema sana ukalifanya kama mali ya nyumba yao. Ukoo wenyewe ni Savoia, watu wa milimani, wa Alps, pale Italia, Ufaransa na Uswisi zinapokutana. Walianza kama makabaila wa mlimani tu katika karne ya 11, mwisho wa siku wakawa wafalme wa Italia nzima mwaka 1861.

Amedeo wa kwanza kwenye ukoo huo aliitwa kwa utani Mkia, na inasimuliwa kwamba alikwenda kumuona Kaizari kule Verona na msafara mkubwa wa watu wake, mlangoni akaambiwa ingia peke yako, akagoma, akasema bila mkia wangu siingii. Baada yake wakaja wengine mmoja mmoja, wa sita akaitwa Kabaila wa Kijani kwa sababu ya nguo zake za kijani kwenye mashindano ya farasi, mwanae wa saba akaitwa Kabaila Mwekundu. Wa nane ndo ana kisa kikubwa kuliko wote. Alipandishwa cheo kuwa Duke mwaka 1416, baadae akaachana na utawala akaenda kuishi kimya kimya kama mtawa kando ya ziwa Geneva, na mwaka 1439 maaskofu waliokuwa wamegombana na Papa kule Basel wakamchagua yeye awe Papa wao, Felix V. Yani baba mwenye watoto, mjane, aliyekuwa mtawala wa nchi, akawa Papa wa upande wa pili. Alikaa kwenye kiti hicho miaka kumi, akajiuzulu kwa amani 1449, na tangu hapo Kanisa Katoliki halijapata tena mpinzani wa Papa wa uzito huo.

Wa tisa ndo wa kanisani hasa. Alikuwa na kifafa, akampa mke wake kazi nyingi za kuongoza, mwenyewe anajulikana kwa kuhudumia maskini. Kuna hadithi kwamba balozi mmoja alimuuliza kama anafuga mbwa wa kuwindia, akamwonyesha maskini wanaokula mezani kwake, akasema hawa ndo ninaowafuga, nawinda nao mbingu. Kanisa likamtangaza mwenyeheri mwaka 1677 na siku yake ni tarehe 30 Machi.

Na hapa kuna kitu cha kuzingatia. Waitaliano kwa karne nyingi wamewapa watoto majina kwa njia mbili kubwa, jina la mtakatifu wa mji na jina la babu. Napoli utawakuta kina Gennaro, kwa sababu Gennaro ndo mtakatifu wao, Milano kina Ambrogio. Amedeo hakuwa na mji mkubwa ulioshikwa naye hivyo, mwenyeheri wake alikuwa wa familia ya kifalme ya upande wa Turin, kwa hiyo jina likabaki kwa wenyewe, kwa makabaila na watu wa mkoa huo kama kina Avogadro, na familia chache zilizolipenda. Na kwa sababu mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa babu yake, jina likiwa chache linaendelea kuwa chache, linazunguka mlemle. Watu wa pwani na Wakikuyu wanaelewa hili bila kuelezwa sana, maana nao wanarithisha jina la babu.

Ila lilivuka mipaka ya ukoo, hilo lazima niliseme kwa haki. Mchoraji niliyemtaja juu ni Amedeo Modigliani, alizaliwa Livorno mwaka 1884 kwenye familia ya Kiyahudi, hawakuhitaji mtakatifu yoyote, mama yake alikuwa na kaka anaitwa Amedeo. Nyumbani walimwita Dedo. Akafa Paris 1920 akiwa na miaka 35, maskini kabisa. Kwenye mpira yupo Amedeo Amadei, mtoto wa familia ya waoka mikate wa Frascati, aliichezea Roma ligi kuu mwaka 1937 akiwa na miaka 15 tu na akabeba nayo ubingwa wa 1942. Mashabiki wa miaka ya 2000 watamkumbuka Amedeo Carboni, beki wa kushoto wa Valencia ile iliyofika fainali mbili za Klabu Bingwa Ulaya mfululizo ikapoteza zote.

Turudi kwa wenye jina lao maana sasa ndo tunakuja huku kwetu.

Mwaka 1870 Hispania haikuwa na mfalme, bunge lao likamchagua mtoto wa mfalme wa Italia, Amedeo, Duke wa Aosta. Anashuka bandarini Cartagena tarehe 30 Desemba, anapewa habari kwamba jenerali Prim, mtu aliyempigania mpaka akapata kiti, amefariki siku hiyohiyo baada ya kupigwa risasi Madrid. Hakuwahi kutulia. Tarehe 29 Januari 1873 mke wake akajifungua mtoto wa kiume palepale Madrid, na wiki mbili hazijaisha baba akajiuzulu ufalme, familia ikarudi Italia. Mtoto huyo mchanga ni Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, na huyu ndo aliyeongoza msafara uliofika kwa mara ya kwanza kwenye kilele cha Margherita kwenye milima ya Rwenzori, Juni 1906, mpakani mwa Uganda na Kongo. Jina la kilele, Margherita, ni la malkia wa Italia, na mlima mmojawapo wa Rwenzori mpaka leo unaitwa Luigi di Savoia kwa ajili yake yeye. Alifariki 1933 Somalia, kwenye eneo la mashamba alilolianzisha Jowhar kando ya mto Shebelle, na alizikwa hukohuko.

Kaka yake mkubwa akapata mtoto Turin mwaka 1898, na kama kawaida akampa jina la babu, Amedeo. Huyu alikuwa mrefu kupita kiasi, karibu mita mbili, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliondoka Ulaya akaenda Kongo ya Wabelgiji, akafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni Stanleyville, ndo Kisangani ya leo, akitumia jina jingine la ukoo ili asijulikane. Mjukuu wa mfalme, kibarua wa sabuni! Mwisho wa 1937 Italia ikamtuma Addis Ababa kuwa makamu wa mfalme kwenye makoloni yake ya Afrika Mashariki, ikiwemo Ethiopia ambayo walikuwa wameivamia 1935 kwa mabomu na gesi ya sumu, na hilo halifutwi na upole wake binafsi unaosifiwa. Vita ikaja, Mei 1941 akazingirwa na Waingereza mlima wa Amba Alagi akasalimu amri.

Wakamleta Kenya kama mateka wa vita, wakamweka Ol Donyo Sabuk. Malaria na kifua kikuu vikamwandama, akafariki hospitalini Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akiwa na miaka 43. Amezikwa Nyeri pamoja na wanajeshi wake, zaidi ya 600, kwenye kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Na Nyeri ni mahali ambapo wamisionari Wakatoliki wa Consolata, walioingia Kenya 1902, walishafika zamani, na shirika lao lilianzia Turin, mji uleule aliozaliwa yeye na Avogadro pia.

Nyumbani mambo yakawa mabaya kwa ukoo. Tarehe 2 Juni 1946 Waitaliano wakapiga kura, kura milioni 12.7 wakataka jamhuri dhidi ya milioni 10.7 za ufalme, na katiba mpya ikawapiga marufuku wafalme wa zamani na vizazi vyao vya kiume kukanyaga Italia, marufuku iliyokaa mpaka 2002. Mimi naona jina lililonata hivi na nyumba ya kifalme lisingeweza kupanda chati baada ya hapo, ingawa hakuna aliyelikataza. Wapo wanaolibeba bado, mtangazaji maarufu wa TV aliyeongoza tamasha la Sanremo kuanzia 2020 hadi 2024 ni Amedeo Sebastiani, ila hata yeye watu wanamjua kama Amadeus.

Wenyewe hawajaliacha. Huyu wa Nyeri alikuwa na mabinti wawili tu, kwa hiyo cheo kikaenda kwa mdogo wake, ambaye mwaka uliofuata, 1943, alipata mtoto wa kiume akamwita Amedeo, akaishi mpaka 2021 na kuacha mjukuu mwenye jina hilohilo aliyezaliwa 2011. Na binti mkubwa wa yule wa Nyeri, Margherita, aliolewa na mwana wa mfalme wa mwisho wa Austria, mtoto wao akamuoa binti wa mfalme wa Ubelgiji, na mzaliwa wao wa kwanza, wa mwaka 1986, ni Amedeo wa Ubelgiji. Babu yake mzaa bibi ndo yule aliyelala Nyeri.