Dagaa wa mchangani

"Kutupa chakula ni tabia ya matajiri, sisi huku hata ukoko tunaukwangua." Nimeisikia kauli hii mara nyingi Kigoma, na kuhusu ukoko ni kweli. Ila hapo tunahesabu sahani tu.

Nenda mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, asubuhi, pale Kibirizi, msimu wa mvua. Dagaa waliovuliwa usiku kwa taa wameanikwa mchangani. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, jioni wananuka. Kuku na kunguru nao wana fungu lao. Wanaosalimika hukauka na mchanga tumboni, na mnunuzi akitafuna mmoja akasikia unakwaruza, bei inashuka papo hapo. Huo nao ni upotevu, hata kama dagaa wataliwa.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno, kabla hakijafika dukani. Mkulima au mvuvi hajatupa kitu kwa kiburi. Amekosa turubai, barafu au kichanja.

Kichanja chenyewe ni nguzo za miti na wavu uliotandazwa juu, usawa wa kiuno. Hewa hupita chini, dagaa hukauka upesi, na mvua ikitishia unawafunika.